Somo la Wanachama: Gari la Chama na Daftari Lake



Kila msimu wa korosho unapokaribia, katika mikutano mikuu ya vyama vya msingi vya Nachingwea na Ruangwa hurudi hoja ileile: chama kinunue lori lake, kiache kuwategemea wasafirishaji. Hoja hiyo ni halali, na mwenye kuitoa hastahili kukatizwa. Mkulima aliyeona magunia yake yakilala siku tisa katika ghala la chama kwa kungoja gari la mtu, huku wenzake wa chama jirani wamekwisha kuuza mnadani, ana haki ya kuuliza kwa nini chama chake hakina gari. Kazi ya mkaguzi si kumzuia. Namwomba tu, kabla hajanyosha mkono kupiga kura, asome pamoja nami habari za kampuni moja kubwa ya magari, General Motors ya Marekani, kwa kuwa yaliyowapata wenye magari yake yanatuhusu sisi zaidi ya tunavyodhani.

Wako watakaosema Marekani ni mbali. Mji wa Nachingwea wenyewe ulikuzwa na mradi wa karanga ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947 katika Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Matrekta mapya hayakupatikana kwa urahisi baada ya vita, hivyo mradi ulikusanya mitambo iliyokwisha kutumika. Mingine ilitolewa katika maghala ya jeshi huko Ufilipino. Mingine ilikuwa vifaru vya Sherman, vilivyogeuzwa kuwa matrekta na kampuni ya Vickers ya Uingereza na kupewa jina la Shervick. Vifaru hivyo vya Sherman viliundwa Marekani wakati wa vita, na miongoni mwa waundaji wake walikuwamo Chrysler, Ford na tawi la General Motors lililoitwa Fisher Body. Basi kazi ya mafundi wa Michigan ilifika katika misitu ya Tanganyika kabla wengi wetu hatujazaliwa. Haikudumu. Mitambo iliharibika kwa wingi, mafundi walikuwa wachache, na ardhi na mizizi vilikuwa vigumu kuliko walivyokadiria waliopanga mradi wakiwa mbali. Mwaka 1951 mradi uliachwa baada ya kula pauni zipatazo milioni 36, na reli iliyojengwa kutoka pwani hadi Nachingwea kwa ajili ya karanga ikafungwa mwaka 1962.

General Motors iliundwa tarehe 16 Septemba 1908 na William Durant, mtu wa mji wa Flint aliyetajirika kwa kuunda magari ya kukokotwa na farasi. Durant alikuwa hodari wa kununua. Buick, Oldsmobile na Cadillac zote alizitia kapuni kwa muda mfupi, na madeni yakaongezeka, hata mwaka 1910 wenye mabenki wakamwondoa katika uongozi. Akashiriki kuanzisha kampuni ya Chevrolet, akarudi kwa nguvu yake mwaka 1916, akaondolewa tena mwaka 1920. (Viongozi wa namna hii tunao hata katika ushirika, isipokuwa wetu hawarudi na Chevrolet.)

Aliyeituliza nyumba hiyo ni Alfred Sloan, rais wa kampuni tangu mwaka 1923. Mwaka 1924 viwanda vilikuwa vimeunda magari mengi kuliko yaliyoweza kuuzwa, na makao makuu hayakutambua mpaka magari yalipojaa katika viwanja vya mawakala. Sloan akaagiza kila wakala atoe taarifa kila baada ya siku 10: ameuza magari mangapi, yamebaki mangapi. Ni karatasi ndogo tu, wala haikuwa na elimu kubwa ndani yake. Lakini kampuni iliyojifunza kuziandika karatasi hizo ndiyo iliyoongoza dunia kwa mauzo ya magari tangu mwaka 1931 hadi Toyota ilipoipita mwaka 2008.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliijua General Motors kwa jina jingine. Mwaka 1925 iliinunua kampuni ya Vauxhall ya Uingereza, na kuanzia mwaka 1931 Vauxhall ikaanza kuunda malori ya Bedford. Wazee wanayakumbuka: ile yenye pua ndefu iliyotoka mwaka 1958, na ile ya TK yenye kichwa bapa iliyofuata mwaka 1960. Mwaka 1975 General Motors ilianzisha kampuni Nairobi kwa ubia na serikali ya Kenya, na magari ya kwanza yakaunganishwa huko mwaka 1977.

Angalieni mwaka huo. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Katikati yake tukapigana vita na Idi Amin, na fedha za kigeni zikaadimika. Kiwanda kilikuwa jirani kuliko wakati wowote uliopita, na vipuri vikawa mbali kuliko wakati wowote uliopita. Nilipokuwa mtoto Nachingwea, mwishoni mwa miaka ya 1980, palikuwa na Bedford moja nyuma ya ghala, imekaa juu ya magogo, tairi hazipo, na sisi watoto tukiiendesha kila siku hadi Dar es Salaam bila kutoka pale ilipo. Dereva wake wa zamani alinieleza baadaye kwamba injini ilikuwa nzima. Lililokosekana ni meno ya difu. Walingoja mwaka, wakangoja miwili, kisha mtu akaomba rejeta, mwingine akaomba springi za nyuma, na gari likaliwa kidogo kidogo na wenziwe waliokuwa bado wanatembea.

Bedford yenyewe haipo tena. Mwaka 1987 General Motors iliuza biashara hiyo ya malori kwa mfanyabiashara Mwingereza aliyeipa jina la AWD, na mwaka 1992 kampuni hiyo ikaanguka kwa madeni. General Motors nayo, pamoja na ukubwa wake wote, ilikwenda mahakamani tarehe 1 Juni 2009 kuomba kinga ya muflisi, ikaokolewa kwa fedha za serikali, na baadhi ya majina yake kama Pontiac na Saturn yakafutwa. Mwaka 2017 iliuza hisa zake za Nairobi kwa Isuzu ya Japani, ambayo iliwahi kuwa mbia wake tangu mwaka 1971. Kwa hiyo mwanachama anapouliza, "Je, aina hii ya gari ni nzuri?" ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: baada ya miaka minane, kipuri chake nitakipata wapi, na fundi anayekijua yuko wapi? Hilo halijibiwi na picha ya gari. Hujibiwa kwa kwenda Masasi, Lindi na Mtwara, kuingia katika maduka ya vipuri, na kuandika nini kipo na kwa bei gani kabla hata senti moja haijatoka.

Nimefika katika jambo la pili, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwezi Februari 1914 lingekuwa jambo la historia, lakini hili ni la Februari 2014, la juzi tu. General Motors ilianza kuyaita magari yake madogo, kama Chevrolet Cobalt na Saturn Ion, yarudi kwa mawakala ili yabadilishwe swichi ya ufunguo. Idadi ya magari yenye kasoro hiyo ilifika kama milioni 2.6. Swichi ilikuwa legevu. Gari likiruka katika shimo, au ufunguo ukiwa umefungwa pamoja na mzigo wa funguo nyingine, swichi iliweza kurudi nyuma yenyewe. Injini ikazimika njiani, usukani ukawa mzito, na mfuko wa hewa unaomkinga dereva wakati wa ajali haukufunguka. Mfuko wa fidia ulioundwa na kampuni ulikubali madai ya vifo 124. Mwaka 2015 kampuni ilikubaliana na Wizara ya Sheria ya Marekani kulipa dola milioni 900.

Wenye magari walikuwa wamelalamika kwa miaka mingi kwamba magari yao yanazimika. Kwa nini ilichukua muda mrefu kiasi hicho kupata sababu? Moja ya majibu ni dogo kwa umbo. Mwaka 2006 mhandisi aliidhinisha swichi mpya iliyo imara zaidi, lakini namba ya kipuri haikubadilishwa. Katika vitabu, swichi mbaya na swichi nzuri zilikuwa kitu kimoja. Waliochunguza ajali waliona magari ya miaka ya nyuma yanaua na ya miaka ya mbele hayaui, na daftari likawaambia kwamba hakuna kilichobadilika. Ukweli ulipatikana pale swichi mbili zilipofunguliwa na kulinganishwa kwa mkono, katika kesi iliyofunguliwa na familia iliyofiwa.

Nilipoisoma habari hiyo nililiweka gazeti chini, kwa kuwa nilikumbuka chama kimoja cha wilaya ya Ruangwa. Jina lake silitaji, wala aina ya lori lake. Katika ukaguzi wangu nilikuta hati tatu za malipo katika miezi minane, kila moja imeandikwa neno moja: "Klachi." Namba hakuna, kilomita hakuna, jina la fundi hakuna. Klachi tatu kwa miezi minane ni nyingi mno. Niliandika katika taarifa yangu maneno haya: "matumizi yenye mashaka." Sikumtaja mtu. Lakini kamati ilijua nani huendesha lori, na dereva akaachishwa kazi kabla ya msimu kwisha, na kijijini akaitwa mwizi.

Msimu uliofuata klachi ikafa tena, mikononi mwa dereva mwingine. Safari hii fundi wa Nachingwea aliitoa, akaiweka mezani kando ya ile ya zamani iliyokuwa imetupwa stoo. Zilitofautiana. Duka lilikuwa likiuza sahani ya gari linalofanana na lile, inayoingia kwa kulazimishwa na kuungua upesi. Kamati ilimwandikia yule dereva barua ya kumrejesha. Alikuwa amekwenda Liwale kuendesha gari la mfanyabiashara, na barua hakuijibu. Namba moja ya kipuri, ikiandikwa katika hati ya kwanza, ingemlinda yeye, na ingelinda fedha za klachi mbili. Nami ningeandika neno jingine.

Sasa tupige hesabu, maana hoja ya kununua lori husimama au huanguka hapa. Tarakimu hizi ni za mfano tu; kila chama kiweke zake. Tuseme lori limenunuliwa kwa shilingi 60,000,000 na litafanya kazi miaka sita. Uchakavu wake ni 10,000,000 kwa mwaka, na fedha hiyo lazima iwekwe kando, si kugawanywa. Bima na ada nyingine 2,000,000. Dereva na utingo 6,000,000. Safari 120 kwenda ghala kuu, dizeli ya 80,000 kila safari, ni 9,600,000. Tairi 4,000,000. Vipuri na mafundi 5,000,000. Jumla ni 36,600,000. Kwa tani saba kila safari limebeba tani 840. Kama msafirishaji hutoza 40,000 kwa tani, angelipwa 33,600,000. Lori la chama limekula 3,000,000 zaidi ya gari la mtu, na hapo bado halijalala gereji hata wiki moja ya Novemba, ambapo chama kingelipa dereva wake na msafirishaji kwa pamoja.

Geuzeni sasa. Lori hilohilo likipata mizigo ya ufuta na mbaazi, au vyama viwili jirani vikilimiliki kwa ubia, gharama ya uchakavu, bima na mshahara hugawanyika juu ya tani nyingi zaidi, na hasara hugeuka kuwa faida. Kwa hiyo mimi si adui wa lori. Ni adui wa lori linaloamuliwa kwa makofi. Na ikiwa litanunuliwa kwa mkopo, Katibu asisahau kwamba ukomo wa madeni hupitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis kabla ya kukopa, si baada ya gari kufika.

Daftari la gari halihitaji kuchapishwa mjini. Daftari la shule lenye kurasa 96 latosha, likipigwa mistari kwa rula: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, namba iliyochorwa juu ya kipuri chenyewe, duka, bei, fundi, sahihi ya dereva. Kipuri kibovu kisitupwe. Kifungwe kikaratasi chenye tarehe na kiwekwe stoo hadi mkaguzi apite. Dereva apewe nakala ya kila ukurasa anaousaini, kwa kuwa daftari hilo ni lake pia.

Kazi ya vikundi vya kujisomea kwa mwezi huu: Wanachama wenye chama chenye gari, pikipiki, au hata mashine ya kupulizia mikorosho, ombeni kwa Meneja hati zote za matengenezo za mwaka uliopita. Hesabuni ni ngapi zina namba ya kipuri. Kisha ulizeni, kwa kipuri kilichonunuliwa zaidi ya mara moja, kama cha kwanza na cha pili ni kitu kimoja, na nani katika chama chenu anaweza kuthibitisha. Majibu yaleteni Unioni kabla ya mkutano mkuu, nami nitakuja kuyasikiliza.