Mwanzilishi Anapoondoka



Tunapotembelea vikundi vya parokia huku Kasulu na Kibondo, swali moja hatulikosi: mradi utakuwaje akiondoka aliyeuanzisha? Tunakumbuka kikundi kimoja cha wafuga nyuki. Hesabu zao zote zilikuwa kwenye kompyuta, na neno la siri alilijua katibu peke yake. Alipohamia Kigoma mjini, kikundi kilimaliza msimu mzima wa asali bila kujua nani anamdai nani. Katibu hakuwa mwizi. Hakuna aliyewahi kumwomba amfundishe mwenzake.

Kwa somo la robo hii tumechagua mfano wa jirani zetu wa Kenya. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, mwanasheria Ory Okolloh alitoa wazo kwamba wananchi watume taarifa za matukio, nazo ziwekwe kwenye ramani. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao wakaungana naye, na programu ikatengenezwa kwa siku chache. Wakaiita Ushahidi. Haiti ilipopigwa na tetemeko Januari 2010, programu hiyo ilitumika kuonyesha mahali watu walipohitaji msaada.

Mwisho wa 2010 Okolloh aliacha ukurugenzi akaenda kufanya kazi Google. Shirika halikufa. Rotich alishika uongozi, na baadaye ukafika kwa Angela Oduor Lungati, ambaye hakuwa miongoni mwa waanzilishi. Sisi tunaona sababu iko mwanzoni kabisa: mwenye wazo hakuwa ndiye mwandishi wa programu, kwa hiyo tangu siku ya kwanza kazi ilikuwa mikononi mwa zaidi ya mmoja. Tena programu yenyewe ni huria, yaani yeyote anaweza kuisoma, kuinakili na kuirekebisha. Hapakuwa na ufunguo wa kuondoka nao.

Kwa kampuni kubwa mambo huenda polepole zaidi. Bill Gates, aliyeanzisha Microsoft pamoja na Paul Allen mwaka 1975, alimwachia Steve Ballmer utendaji mwaka 2000, akaacha kazi za kila siku Juni 2008, lakini alibaki mwenyekiti wa bodi hadi Februari 2014. Katika miaka hiyo simu za Apple na Google ziliipita kampuni. Ikanunua biashara ya simu ya Nokia, na mwaka 2015 ikafuta hasara ya takriban dola bilioni 7.6. Chini ya Satya Nadella, aliyeingia mwaka 2014, ilijiunga mwaka 2016 na taasisi ya Linux, programu huria ambayo Ballmer aliifananisha na saratani mwaka 2001. Je, ni kwa sababu kiti cha mwanzilishi kilikuwa wazi, au hasara ndiyo iliyofundisha? Hata sisi ofisini tulibishana.

Kabla ya mkutano wa robo ijayo, kila kamati iandike kwenye karatasi moja: nani mwingine ana ufunguo wa stoo, nani mwingine anatia saini benki, nani mwingine anajua neno la siri. Penye jina moja tu, tuandikieni, tutakuja kumfundisha wa pili. Nanyi wafadhili, mkitutembelea, ombeni kuonyeshwa vitabu vya hesabu na mtu ambaye si mwanzilishi.