Namna ya Kutunga Maneno ya Kuaga Yenye Kuchekesha



Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo kwa wale watakaoingia Kidato cha Nne mwakani, juu ya kutunga maneno ya kuaga. Nimekubali, si kwa kuwa mimi ni fundi wa kazi hiyo, bali kwa kuwa nilipewa kazi hiyo nikaiharibu, kisha nikaitengeneza. Aliyewahi kutumbukia shimoni aweza kuwaonyesha wenziwe shimo lilipo.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili. Siku ya mahafali husomwa risala mbele ya mgeni rasmi. Risala husifu, hushukuru, kisha huomba matangi ya maji na vitabu. Hiyo si somo letu. Somo letu ni maneno yale yasomwayo bwaloni usiku wa kuagana, kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba, walimu na wanafunzi wakiwapo, na ambayo kazi yake ni kuchekesha. Sisi huyatunga kwa mfano wa wosia, kana kwamba twafa na kuacha mali. Mwaka huu yalianza hivi:

"Sisi wanafunzi wa Kidato cha Nne, wenye akili timamu siku zote isipokuwa siku ya jaribio la Hesabu, twaandika wosia wetu. Kidato cha Tatu twawaachia kitanda cha juu kule pembeni, kiliacho kama ng'ombe kila mtu ageukapo. Kidato cha Pili twawaachia ndoo isiyo na mshikio, pamoja na elimu ya kuibeba. Kidato cha Kwanza twawaachia mafagio, nao wasiulize kwa nini. Walimu wetu twawaachia kimya cha prepo, ambacho hawakupata kukisikia tulipokuwapo."

Hapo pana kanuni ya kwanza: chekesha kwa mambo mliyoyaona pamoja. Kile kitanda kimetuamsha sote, na ile ndoo imetulowesha sote. Mzaha wa kubuni haufiki mbali.

Kanuni ya pili niliipata kwa aibu. Katika maandishi yangu ya kwanza nilimtaja rafiki yangu mmoja mwenye shati moja tu la shule, ambalo hulifua usiku na kulianika nje ya bweni. Niliandika kwamba twaiachia shule shati hilo liwe mlinzi, maana limezoea kukesha. Nilipowasomea wenzangu bwenini, walicheka mpaka wakashika mbavu. Naye alicheka. Basi nikajiona mtunzi hodari.

Usiku ule niliamka kwenda msalani, nikaona kamba ya nje haina kitu. Shati lilikuwa limeanikwa ndani, chini ya kitanda chake, mahali pasipofika upepo. Asubuhi alisimama kwenye paredi amelivaa, nalo lingali bichi.

Nilimwendea nikamwomba radhi. Akaniambia, "Ungenitania kwa kukoroma, ningekujibu, maana nawe wakoroma. Lakini kwa shati, nikujibu nini?"

Tangu hapo nimeshika maneno hayo kama kanuni ya hesabu: utani mwema ni ule ambao mwenzio aweza kuujibu. Mtanie mtu kwa tabia zake, kama kuchelewa, kulala darasani, au kujipakulia maharage mara mbili. Usimtanie kwa umaskini, wala kilema, wala jambo la nyumbani kwao, kwa kuwa hapo umemfunga mdomo, ukamlazimisha kucheka. Wazee walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Nilimweleza habari hii mwalimu wetu wa Historia, naye akanifundisha kwamba jambo hili ni la zamani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Mwaka 1940 mtaalamu mmoja Mwingereza, A. R. Radcliffe-Brown, aliandika makala juu ya utani, akieleza kuwa kwa desturi mtu huruhusiwa kumdhihaki mtani wake, naye mtani hapaswi kukasirika. Lakini mwalimu akaongeza kwamba utani si ruhusa peke yake, una wajibu pia. Ukifiwa, mtani wako hufika, akatania hata mbele ya wafiwa, na kisha akashika kazi za mazishi. Basi kabla ya kuandika jina la mtu, jiulize: je, siku ya shida yake nitakwenda?

Kanuni ya tatu: mwenye kutaniwa ayaone maneno kwanza, hasa akiwa mwalimu. Niliandika kwamba mwalimu wetu wa Hesabu husema "dakika mbili tu" kengele ikilia, kisha hutuweka dakika kumi na tano. Nilimpelekea huku magoti yakigongana.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Lete."

Alisoma, akatoa kalamu nyekundu, akaandika kando: "Ni dakika 17. Mwanafunzi wa Hesabu hakisii." Tuliposoma maneno yale pamoja na masahihisho yake, bwalo zima lilivuma, naye alicheka kupita wote.

Kanuni ya nne: anza na nafsi yako. Mahali pa shati niliandika juu yangu mwenyewe, kwamba naiachia shule daftari langu la Fizikia, ambalo ni jipya kama siku liliponunuliwa. Rafiki yangu alipaza sauti kutoka nyuma, "Na koromo lako umwachie nani?" Watu wakaangua kicheko. Kusema kweli, hicho ndicho kicheko nilichokifurahia kuliko vyote usiku ule, maana nilikuwa nimejibiwa.

Zoezi kwa Kidato cha Tatu:
1. Andika mambo matano ambayo darasa lako lote limeyaona pamoja.
2. Chagua mwenzako mmoja, utunge sentensi mbili za kumtania. Kisha tunga jibu atakaloweza kukupa. Ukikosa jibu, futa sentensi zako.

Nasi twawaaga. Kitanda cha pembeni kitieni mafuta.

Mwanafunzi mwenzenu,
Kidato cha Nne