Gitaa la Kwaya: Yaliyo Yetu na Yaliyo ya Fundi

Katika Kutoka 31:1-5 twasoma ya kuwa Mungu alimjaza Bezaleli roho yake, apate kuchonga mawe na miti. Basi ufundi ni karama.

Hapa Ufipa mvua hunyesha tangu Novemba hata Aprili, kisha huja ukavu mrefu wenye upepo. Wakati wa mvua ubao wa gitaa huvimba, nyuzi zikainuka, vidole vikaumia. Wakati wa kiangazi hunywea, nyuzi zikashuka na kukwaruza. Watu husema gitaa limekufa, kumbe ni ubao tu.

Kubadili nyuzi, kuzilinganisha sauti, na kuliweka gitaa sandukuni mbali na jua, hayo yatupasa wenyewe. Hata ule ufito wa chuma uliomo shingoni mwa magitaa mengi ya nyuzi za chuma twaweza kuuzungusha, robo ya mzunguko tu, tukangoja hata kesho. Kwa maana waweza kurudishwa. Lakini kilichokwisha kukatwa kwa tupa hakirudi. Vile vyuma vidogo vya shingoni, na mifereji ipitishayo nyuzi, mwachieni fundi, nanyi wazee wa kanisa msimpunje ujira wake. Gitaa hilo lilinunuliwa kwa sadaka za wajane pia.

Likirudi, lipimeni mbele yake: pigeni uzi mtupu, kisha uzi uo huo umebanwa penye chuma cha 12. Sauti iwe ile ile, oktava moja juu.