Kusoma na Kufahamu

Ndugu zetu, twasikia barazani ya kwamba karatasi ya Kiswahili katika KCSE ni nyepesi kwa mtoto wa Mombasa au Lamu, kwani hiyo ndiyo lugha ya mamake. Sisi twaona rai hii ndiyo inayowadhuru vijana wetu. Karatasi ya pili ina alama 80: ufahamu 15, na ufupisho 15. Huzipoteza khasa yule ajionaye ajua, akajibu kwa aliyoyasikia nyumbani, na hali swali lataka yaliyomo katika taarifa. Na asiyefikia C+ kwa jumla hapati nafasi ya shahada chuo kikuu moja kwa moja.

Kosa, tukisema kweli, latoka kwetu. Tumewazoeza watoto chuoni kusoma kwa sauti nzuri, tusiwaulize maana. Ada hiyo huwafuata hadi skuli.

Basi kijana na asome taarifa yote kwanza, pasi na kalamu. Kisha asome maswali, arejee, atie kidole penye jawabu. Neno likimtatiza asikimbilie kamusi, maana chumba cha mtihani hakina kamusi. Atazame sentensi iliyotangulia na ifuatayo. Ndipo aandike kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili sanifu. “Nyengine” ni lugha yetu na hatuionei haya, illa mtihani wataka “nyingine”.

Nusu saa baada ya Isha yatosha kuanzia: mtoto asome ukurasa mmoja wa gazeti, afunge, na babake au mamake amuulize amefahamu nini.