Eliya, pango la Nang'oma na Jumapili yetu



Vijana wenzangu, tusome kwanza 1 Fal 19:1-13, halafu turudi hapa.

Kijana mmoja aliniuliza: "Frateri, kuzunguka milimani bila jembe wala ndoo, si uvivu huo?" Swali zuri, jamani. Nairobi watu wanalipa kiingilio kutembea Karura, msitu ulio ndani ya jiji, ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwishoni mwa miaka ya 1990 usigawiwe kwa wajenzi. Sisi wa Kipatimu tuna Milima ya Matumbi bure, ila tukiitazama tunawaza shamba tu. Mlima kwetu ni mihogo na jasho.

Mtakatifu Thomas wa Akwino angemjibu kwamba roho nayo huchoka kama mwili, na inahitaji burudani ili ipumzike (Summa, II-II, 168, 2). Anasimulia habari ya Mtume Yohane, ambaye watu walikwazika kumkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale. Akapiga, akapiga tena. Je, unaweza kuendelea hivyo bila kukoma? Hapana, upinde utavunjika. Basi na roho ni vilevile.

Sasa Eliya. Huyu amechoka mpaka anaomba kufa. Angalieni Mungu anavyomtendea: hamhubirii. Anamwacha alale chini ya mti, anamtuma malaika na mkate na maji. Eliya anakula, analala tena, analishwa tena. Ndipo anatembea siku arobaini hadi Horebu, na kule pangoni ndipo anaulizwa: unafanya nini hapa? Sisi mwenzetu akikata tamaa tunaanza na swali, tena kwa ukali. Mungu alianza na usingizi na chakula. Mimi hapo huwa nasimama muda mrefu.

Na sisi pango tunalo, Nang'oma. Vita ya Maji Maji ilipoanza huku Umatumbi Julai 1905, watu wa Nandete walipong'oa pamba ya kulazimishwa, mapango ya milima hii yaliwaficha watu. Labda bibi wa bibi yako alimziba mtoto mdomo humo gizani asisikike. Kwa hiyo spika ya muziki, nawaomba, ibaki nyumbani. Kucheka njiani ruksa, hata mbio ruksa.

Tutatoka baada ya Misa ya kwanza. Kila mtu abebe maji, tochi na kitu cha kula cha kugawana. Viatu vya wazi havifai, mawe yanateleza. Mwenyeji wa kijiji atatuongoza, na popo tuwaache walale. Tukifika mdomoni mwa pango tutazima simu, tusome tena sura ile ya Eliya, halafu kimya cha nusu saa. Atakayesinzia, hakuna kumwamsha.