Vidonge vya Kalsiamu Si Dawa ya Saratani

Katika mji wa mpakani kama Tunduma, dawa hufika kwa njia nyingi, na mgonjwa wa saratani huweza kushauriwa anunue vidonge vya kalsiamu kwa kuwa "vinaua saratani". Maneno hayo yana chembe ya ukweli, na ndiyo sababu yanapotosha.

Kalsiamu ni yale madini ya maziwa na dagaa yajengayo mifupa. Lakini ndani ya seli, yaani chembe hai za mwili, kalsiamu ni tarishi. Ikiongezeka ghafla, seli hupokea agizo: kaza msuli, gawanyika, au kufa. Kwa hiyo kiasi kilicho ndani huwa kidogo mno, pungufu mara 10,000 hivi kuliko nje. Nyingine hutunzwa katika ghala dogo ndani ya seli, na pampu huisukuma humo bila kupumzika. Seli ya saratani huyavuruga maagizo hayo ili izidi kugawanyika na ikwepe kufa.

Je, tarishi huyo aweza kugeuzwa adui wa saratani? Kandokando ya bahari ya Mediterania huota mmea uitwao Thapsia garganica, unaojulikana kwa kuua ngamia. Sumu yake huzuia pampu ile, na seli hufa. Shida ni kwamba haichagui seli. Watafiti waliifunga ili ifunguke kwenye uvimbe tu, wakaijaribu kwa wagonjwa. Haijawa dawa ya kuandikiwa. Huko Denmark, madaktari wamejaribu kuchoma sindano ya kalsiamu ndani ya uvimbe wenyewe, kisha kupitisha umeme wa kitambo kifupi ufungue njia ya kuingia kwenye seli.

Kidonge hakifanyi hivyo. Kikimezwa, mwili husawazisha kalsiamu ya damu. Zaidi ya hayo, saratani nyingine huyeyusha mifupa na kuzidisha kalsiamu katika damu: mgonjwa hushikwa na kiu kali, hukojoa mno, hukosa choo, hata huchanganyikiwa. Huyo awahishwe hospitali siku hiyohiyo, wala asiongezewe vidonge. (Mama mjamzito aliyeandikiwa kalsiamu kliniki aendelee kuimeza.)

Ukanda wetu wa Afrika Mashariki una saratani nyingi ya umio, njia ya chakula. Ugali ukianza kukwama, nenda kituo cha afya uombe rufaa ya Vwawa au Mbeya. Matibabu ya mionzi hutolewa Ocean Road, Dar es Salaam. Fedha ya vidonge na iwe nauli.