SOMO: MAJINA WALIYOPEWA WAISLAMU NA WAZUNGU WA KALE

Ndugu wasomaji, atakayefungua vitabu vya Kizungu vya zama za kati ni nadra kuliona humo jina la Waislamu. Ataona Sarasini, Wamori na Waturuki. Yatupasa tujue majina haya yametoka wapi, kwani jina humfundisha mtu namna ya kumtazama mwenziwe.

SARASINI. Jina hili limeutangulia Uislamu. Ptolemy wa Iskandaria, katika karne ya 2, alilitaja kuwa ni la watu wa kaskazini ya Bara Arabu. Kisha Jerome, mwanachuoni wa Kinasara aliyekufa mwaka 420, akadai ya kwamba wana wa Hajar, aliyekuwa mjakazi, wamejitwalia jina la Bibi Sara ili waonekane wana wa muungwana. Dai hili halina msingi: Waarabu hawakujiita Sarasini, nao hujivunia nasaba ya Nabii Ismail. Lakini ulipokuja Uislamu, maneno hayo yalinakiliwa kitabu kwa kitabu, hata Mwislamu akahesabiwa mwongo kwa sababu ya jina ambalo hakujipa.

WAMORI. Asili yake ni Mauretania, jimbo la Warumi katika nchi ambazo leo ni Morocco na Algeria. Waislamu walipoingia Andalus mwaka 711, jina la watu wa nchi likageuzwa kuwa la watu wa dini. Wareno wakalichukua baharini. Walipofika Mombasa na Malindi mwaka 1498, wakawaita wenyeji Waislamu "mouros", ingawa Morocco iko mbali nasi mno. Wahispania nao wakawaita hivyo Waislamu wa Ufilipino, ambao leo wamelitwaa jina hilo kwa fahari, na jimbo lao laitwa Bangsamoro.

WATURUKI. Enzi za Dola ya Uthmaniya, Mwingereza aliyesilimu alisemwa kuwa amegeuka Mturuki, kana kwamba dini ni kabila.

Twaona basi kasoro yao ni moja: yataja nasaba, au nchi, au utawala; imani haitajwi. Na asiyejua hata jina la imani ya mtu hataiuliza imani yenyewe. Hivyo utungo wa Kifaransa wa Roland, wa karibu na mwaka 1100, wawaonyesha Waislamu wakiabudu masanamu, na Mtume wetu (S.A.W.) amefanywa mmoja wa miungu yao!

Lakini insafu ni wajibu. Waislamu wa zama za Vita vya Msalaba nao waliwaita Wazungu wa Magharibi wote "Ifranji", jina la Wafaranki peke yao, hata wakiwa Wajerumani au Waingereza. Na Surat al-Hujurat, aya ya 11, yatukataza kuitana kwa majina ya kejeli. Katazo hilo ni juu yetu kabla halijawa hoja yetu juu ya wengine.

Basi tukutanapo na jina la watu kitabuni, au tulitamkapo barazani, tuulize kwanza: ni nani aliyelitoa, na wenyewe hujiitaje? Wallahu aalam.